Jazi iliponiumbua mbele ya wageni

Mpenzi msomaji, wiki hii naomba niache kidogo habari za mapenzi na mitindo, nikusimulie kisa changu mwenyewe. Ni kisa cha aibu. Lakini najua wengi wetu tunaopenda kujifanya wajuaji tuna aibu kama hii tumezifungia kabatini. Basi acha mimi nifungue kabati langu, na wewe cheka taratibu.

Mimi ni binti wa Hombolo, Dodoma. Kwa wasiopajua, ni kilometa 40 na ushee kutoka mjini, pale penye bwawa lililojengwa mwaka 1957. Ukifika utaona bwawa, utaona mashamba ya zabibu, na utaona Chuo cha Serikali za Mitaa. Hicho chuo kishike vizuri kichwani, maana kitarudi tena huko mbele.

Elimu yangu ni kidato cha nne. Matokeo hayakuwa ya kutangaza redioni, lakini hayakuwa ya kulia matanga pia. Baadaye nikasoma muziki miezi sita kwenye chuo kimoja cha pwani, kozi fupi, ada ikaisha kabla hamu haijaisha. Nikarudi nyumbani na faili la makaratasi na ugonjwa mmoja mbaya sana. Ugonjwa wenyewe unaitwa jazi.

JAZI GANI HIYO?

Najua kuna msomaji ameshadakia: aa, jazi si ndiyo ile ya Morogoro Jazz ya marehemu Mbaraka Mwinshehe? Hata mimi nilikwenda pwani na mawazo hayo hayo. Baba yangu anazo nyimbo za Mbaraka kwenye simu, anazipiga jioni akinoa jembe. Nikajua jazi nimeizaliwa nayo.

Kumbe mwenzangu, jina lilikuwa jina tu. Huku kwetu tangu zamani bendi yoyote ya dansi yenye vyombo vya kisasa ilipenda kujiita Jazz. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz 1944, Western Jazz 1959, NUTA Jazz 1964. Walichokuwa wakipiga zaidi ni dansi na rumba, wakivutwa na zile santuri za Kuba zilizofika pwani. Jazi ya Marekani, ya kina Louis Armstrong na Charlie Parker, ni ndugu wa mbali.

Lakini ndugu ni ndugu. Msikilize Mbaraka anapoingia kwenye solo. Hapigi tena ule wimbo, ameshatoka, anatembea anakojua yeye, huku rizimu na besi wakizunguka pale pale. Jazi nayo iko hivyo, ila wao wameifanya kuwa ndiyo shughuli yenyewe. Wanaanza wote pamoja kwa kupiga wimbo kama ulivyotungwa. Ukiisha, mmoja anatoka mbele na kubuni melodi yake papo kwa papo. Akitosheka anampisha mwenzake. Mwisho wote wanarudi kwenye wimbo, kama watu waliotoka kisimani kwa njia tofauti wakakutana mlangoni.

Sasa sikiliza mtego ulipo. Wakati yule anabuni, chini yake kodi haziguswi. Simaanishi kodi ya TRA! Kodi ni zile noti zinazopigwa kwa pamoja kusindikiza wimbo. Zinakuja kwa mpangilio ule ule na urefu ule ule. Tunahesabu kwa bari, yaani mafungu ya mapigo, mara nyingi manne manne, na nyimbo nyingi za jazi zina bari 32. Zikiisha, unaanza upya. Hakuna anayekuonyesha uko wapi. Ukihesabu vibaya, wenzako wako sebuleni, wewe uko jikoni unatafuta chumvi.

Nyimbo zenyewe ziko za kawaida ambazo kila mpigaji wa jazi duniani anatakiwa awe nazo kichwani. Mtu wa Tokyo akikutana na mtu wa Cape Town, wanataja jina la wimbo na ufunguo, wanaanza. Kule Boston miaka ya 1970 wanafunzi waliziandika nyingi kwenye kitabu kimoja wakakiita The Real Book, kikawa kinauzwa kwa kificho kama magendo kwa sababu watunzi hawakulipwa. Toleo halali lilitoka 2004. Mimi nilitoka pwani na kurasa 30 za nyimbo za namna hiyo, nimezitoa kopi, nimezipanga kwenye faili la bluu. Nikajiona na mimi msomi.

MKATABA NA BABA

Mwezi Machi, mwaka jana, Baba aliuza zabibu. Dodoma tunavuna mara mbili kwa mwaka, na mavuno yale yalimpa tabasamu. Nikamvizia akiwa amekula ugali wa uwele na mlenda akashiba, nikamwambia kuna kwaya mjini inauza gita la umeme na amplifaya ndogo, vyote laki tatu na nusu.

Baba akanyamaza. Mama akajifanya anaosha sufuria ambalo alishaliosha.

"Mwanangu," Baba akasema, "nitakununulia. Lakini tuelewane. Tukivuna Agosti, kama hilo gita halijaleta hata shilingi moja ndani ya nyumba hii, tunaliuza, na wewe unakwenda kuchukua fomu pale chuoni. Watoto wa watu wanatoka Kigoma na Mtwara kuja kusoma Hombolo. Wewe chuo unakiona ukiwa umesimama mlangoni kwenu!"

"Nimekuelewa, baba."

"Umenielewa au umeitikia?"

"Nimekuelewa, baba."

Mpenzi msomaji, nilikuwa nimeitikia tu. Nilichokuwa nawaza ni gita.

NYIMBO THELATHINI

Ikafika Juni. Kama unaijua Dodoma, unajua Juni ni nini: Bunge la bajeti. Hoteli zinajaa, na mwenye ukumbi anataka muziki laini wageni wale wazungumze. Nikasikia kuna bendi ya watu wanne inayopiga hoteli moja mjini kila Jumamosi, kinanda, besi, dramu na gita, na mpiga gita wao amepata mkataba Uarabuni. Wanatafuta mtu.

Kiongozi wao ni mzee wa kinanda, mtu wa shati jeupe na maneno machache. Nikampigia simu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Nimeambiwa unapiga jazi. Unajua nyimbo ngapi?"

Nikaangalia faili la bluu pale kitandani. Nikasema, bila aibu hata kidogo, "Thelathini, mzee."

"Thelathini! Njoo Jumamosi."

Ndugu yangu, hapo ndipo nilipodandia treni kwa mbele.

Jumamosi nikafika, nimevaa gauni jeusi la kuazima kwa dada, nimesuka, nanukia. Mbwembwe zote ninazo. Wakapiga nyimbo mbili bila mimi, kisha mzee akaniita. "Autumn Leaves," akasema. Moyo ukatulia, maana hiyo ndiyo ya kwanza kwenye faili langu na ndiyo wanayoanza nayo wanafunzi wengi. Mtunzi wake ni Joseph Kosma, mzaliwa wa Hungaria aliyeishi Ufaransa, na melodi hiyo ni ya mwaka 1945. Nilikuwa naijua hadi historia! Nikatabasamu.

"G maina," mzee akaongeza, na kuanza kuhesabu.

Tabasamu likaganda. Mimi niliizoea E maina. Kwa anayejua gita, kutoka E kwenda G ni kusogeza mkono hatua tatu tu. Lakini mimi sikuwa naujua wimbo, nilikuwa najua mahali pa kuweka vidole. Nilikuwa kama mtu anayejua kwenda dukani kwa kuhesabu miti, halafu usiku mmoja miti ikakatwa.

Wimbo wenyewe nikaubabaisha nyuma ya kinanda. Ikaja zamu yangu ya kubuni. Nikasema moyoni, hapa ndipo pa kuponea, maana kubuni si ni kupiga unachotaka? Nikafumba macho kama nilivyowaona wakubwa wanavyofumba, nikamwaga noti. Nyingi! Za haraka! Kufika bari ya 17, pale ambapo kodi zinageuka, mimi sikugeuka. Besi ikaenda huku, mimi nikaenda kule. Nikaongeza kasi ili nifike mapema, sijui nifike wapi.

Nilipofumbua macho nikamwona mzee amesimama kando yangu. Mkono wa kushoto bado uko kwenye kinanda, mkono wa kulia umeshika kitufe cha amplifaya yangu. Akakizungusha taratibu mpaka sifuri. Hakuwa na hasira. Akarudi kwenye kiti chake wakaendelea.

Nami nikaendelea. Nitafanyaje? Nimesimama mbele ya waheshimiwa, nimevaa gauni la watu, vidole vinacheza, sauti hakuna. Mwanamama mmoja meza ya mbele akanitazama kwa huruma ile anayotazamwa mtoto aliyejikojolea kwenye mahafali. Nikawa mdogo kama piritoni.

Wakati wa kutoka, mpiga besi alinifuata mlangoni. "Usilie, dada," akasema. "Wewe umepunguziwa sauti tu. Charlie Parker alirushiwa kisahani cha dramu."

Nikadhani ananitania. Baadaye nikaisoma: inasimuliwa kwamba mwaka 1936 kule Kansas City, Parker akiwa kijana wa miaka 15 hivi, alipanda jukwaani na wakubwa akapotea katikati ya kodi, na mpiga dramu Jo Jones akautupa msahani wa chuma sakafuni karibu na miguu yake, ngwaa! Watu wakacheka. Kisha kijana akapata kazi ya kupiga mapumzikoni, mbali na mji, akabeba santuri za mpiga saksafoni Lester Young, akazishika solo zake moja baada ya nyingine. Aliporudi, hawakucheka tena.

Lakini usiku ule mimi sikuwa na milima ya kwenda wala santuri. Nilikuwa na nauli ya kurudi Hombolo, na miezi miwili kabla ya mavuno.

BIBI NA DEBE

Asubuhi nilimkuta Bibi uani anamenya karanga. Bibi yangu mzaa baba ni Mgogo wa zamani. Ujana wake alipiga muheme. Kwa wasiojua, muheme ni ngoma ya Wagogo ambayo wapigaji wake ni wanawake. Wanazibana ngoma kwa miguu, wanapiga kwa mikono, na jasho linawatoka kuliko kuli wa bandarini. Kwa hiyo mwanamke kupiga chombo, kwa Bibi, si habari ya kuandikwa gazetini.

"Mbukwenyi bibi," nikasalimia, macho yamevimba.

Akaniangalia. "Walisemaje?"

"Nilipotea, bibi."

"Ulipotea wapi?"

"Katikati ya wimbo."

"Wimbo wenyewe unaujua?"

"Naujua."

"Haya, niimbie."

Mpenzi msomaji, sikuweza. Kipande cha kwanza nilikitoa, cha pili nikakiunga na kitu kingine, cha tatu nikaanza kuhesabu kwa vidole. Bibi akacheka mpaka karanga zikamwagika. Akacheka kweli kweli, akajifuta machozi kwa kanga.

"Sasa mbona unasema ulipotea?" akasema. "Kupotea ni kwa mtu aliyekuwa anajua njia. Wewe hukuwa hata umeondoka."

Iliniuma kuliko kile kitufe cha amplifaya. Lakini ndiyo ilikuwa kweli. Nilikuwa na nyimbo 30 kwenye faili, na kichwani sifuri. Nilikuwa nataka kubuni juu ya kitu ambacho sikuwa nacho.

Bibi akaniambia walivyofundishwa wao. Msichana hakupewa ngoma kubwa hivi hivi. Alianza na kuimba, akaimba mpaka wimbo ukawa kama jina lake. Kisha akapewa ngoma ndogo, kazi yake ni kushika pigo moja bila kuyumba. Ile kubwa, inayobadili mapigo na kuzungumza na wachezaji, alipewa yule ambaye hata ukimwamsha usiku wa manane anajua wimbo umefika wapi. "Anayechezesha," alisema, "ndiye anayejua zaidi pasipobadilika."

Akaninyooshea debe tupu la mafuta. "Shika hapo, nami nitaimba."

Nikacheka. Hakucheka.

KUFUKUZA NDEGE

Nikaanza upya kabisa. Kwanza nikachana lile faili la nyimbo 30, simaanishi kuchana kwa hasira, nilichagua sita tu nikazifungia nyingine sandukuni. Sita zenyewe ni hizi: Autumn Leaves yenyewe iliyoniumbua, Summertime ya George Gershwin, ya mwaka 1935, Blue Bossa ya Kenny Dorham, iliyorekodiwa 1963, bari 16 tu, So What ya Miles Davis, ya mwaka 1959, yenye kodi mbili peke yake, bluzi moja ya bari 12, na ya sita ni Harusi, ya Patrick Balisidya.

Hapo kwenye ya sita utaniuliza, na hiyo nayo ni jazi? Nitakujibu swali kwa swali. Balisidya alizaliwa mwaka 1946 Mvumi, hapa hapa Dodoma. Alipitia Dar es Salaam Jazz Band kabla ya kuunda Afro 70 yake, na tangu afariki 2004 wimbo wake huo haujaacha kupigwa kwenye masherehe. Wamarekani walichukua nyimbo zilizopendwa za maigizo na sinema zao wakazifanya uwanja wa kubuni. Mimi kwa nini nisichukue ambao hata mama yangu anaujua? Ukitaka kujifunza kutoka nje ya wimbo, anza na ule usioweza kuusahau.

Kazi ikaanza. Julai ile nilipewa zamu shambani ya kufukuza ndege kwenye zabibu. Kazi ya kipuuzi sana kuitazama: unatembea kati ya mistari ya mizabibu, unapiga debe, unapiga kelele. Nikaona, kama ni kelele, basi zitakuwa za jazi. Nikaimba Autumn Leaves kutwa nzima, bila gita, bila maneno, la la la, mkono unagonga debe pigo la kwanza la kila bari. Ndege wa Hombolo ndio viumbe wa kwanza mkoani kuujua wimbo ule wote. Jirani mmoja akamuuliza Mama kama niko sawa kichwani.

Jioni, nikirudi, nashika gita. Sipigi melodi. Napiga noti ya chini ya kila kodi tu, ile ya besi, huku naimba wimbo kwa mdomo. Wiki nzima sijabuni hata noti moja. Kisha nikahamisha ufunguo: leo E, kesho G, keshokutwa C. Nikagundua kuwa wimbo ukiwa mdomoni, ufunguo ni kubadili nguo tu, mtu ni yule yule.

Halafu ndipo nikaanza kubuni, na nilianza kwa ubahili. Siku ya kwanza: noti zile zile za wimbo, ila nabadili mapigo tu, hii naichelewesha, ile naiwahisha. Siku ya pili: naacha nafasi, yaani bari moja napiga, moja nanyamaza lakini nahesabu. Hiyo ya kunyamaza ndiyo ngumu kuliko zote, jaribu utaniambia. Siku ya tatu: noti moja ya jirani inaingia kati ya noti mbili za wimbo. Kidogo kidogo hivyo hivyo.

Kwenye So What nilifanya kama Parker alivyofanya na Lester Young. Nilisikiliza solo ya Miles Davis kwenye simu, kipande cha sekunde tano, naimba, narudia, mpaka nikaweza kuiimba nzima sambamba naye. Kilichonishangaza ni jinsi yule bwana alivyo mchache wa noti. Anasema neno, anatulia. Pale hotelini mimi nilikuwa nimesema maneno ya mwaka mzima kwa dakika moja.

Usiku Bibi anakaa na debe lake. Anashika pigo, mimi nabuni, halafu bila kuniambia anabadili yeye na mimi natakiwa nishike. Nikipotea anasema neno moja tu: "Imba." Naacha gita, naimba, najikuta nipo. Kuna usiku mmoja tulikwenda hivyo kwa muda mrefu, tarumbeta la Miles kichwani kwangu, muheme mikononi mwake, na Baba mlangoni amesimama na taa anajifanya ametoka kuangalia mbuzi.

NYIMBO SITA

Mapema Agosti zabibu zilianza kukatwa. Baba hakusema kitu, lakini fomu ya chuo niliiona juu ya meza, imewekwa chini ya kopo la sukari isipeperuke. Nikachukua simu, nikajikaza kisabuni.

"Shikamoo mzee. Ni yule binti wa Hombolo."

Kimya. "Marahaba. Yule wa nyimbo thelathini?"

"Ndiyo mzee."

"Sasa unazo ngapi?"

"Sita."

Nikasikia anashusha pumzi. "Zimepungua?"

"Zimepungua, mzee."

Akacheka, kwa mara ya kwanza. "Njoo Jumamosi."

Nikaenda na nguo zangu mwenyewe. Bunge lilishakwisha, ukumbini kulikuwa na watu tisa, wawili kati yao walinzi. Mzee akaniita. "Autumn Leaves," akasema, akanitazama. "C maina."

Si E, si G. Alikuwa ananipima. Nikauimba mdomoni kwanza, pole pole, nikaipata noti ya kuanzia. Tukaenda.

Zamu yangu ilipofika sikufumba macho. Nikamtazama mpiga besi. Nikaanza na wimbo wenyewe, nikauchelewesha kidogo hapa, nikaacha nafasi pale. Mzunguko wa kwanza ukapita. Wa pili nikajaribu kutoka mbali zaidi, na nisikudanganye, kwenye ile bari ya 17 nilipotea tena. Nilipotea kabisa. Lakini safari hii nilinyamaza. Nikaimba moyoni, nikasikiliza besi, bari mbili zikapita bila mimi, nikauona mlango, nikaingia. Mzee hakugeuka. Mkono wake haukusogea karibu na amplifaya yangu.

Saa nne hivi, watu wamebaki saba, tukapiga Harusi. Mlinzi mmoja akaacha geti akaja kusimama mlangoni anatikisa kichwa. Nilipoingia kwenye solo nilimfikiria Bibi na debe lake, nikashika pale pale pasipobadilika, nikatembea. Siwezi kukuambia nilipiga nini. Najua tu kwamba kila bari nilijua niko chumba gani.

Mwisho mzee akanipa elfu 30. "Jumamosi ijayo," akasema, "lete nyingine mbili. Lakini zilete ukiwa unazijua."

Kesho yake nikaiweka hela mezani mbele ya Baba. Akaihesabu mara mbili, kama anavyohesabu ya zabibu.

"Nauli umetoa?"

"Bado, baba."

Akatoa elfu nne akanirudishia. Iliyobaki akaiweka kwenye kopo lile lile la hela za shamba. Kisha akaichukua fomu kutoka chini ya kopo la sukari, akaikunja mara moja, akaichomeka nyuma ya kalenda ukutani.

"Itakaa hapo," akasema. "Sijaichana."

Mpenzi msomaji, tangu siku ile ninapiga kila Jumamosi. Nyimbo zimefika kumi na nne, na ukiniuliza ngapi sitasema thelathini tena. Baba anaendelea kupiga hesabu ya laki tatu na nusu yake, Bibi bado ananicheka, na kalenda imeshabadilishwa mara moja. Fomu ipo nyuma ya ile mpya. Juzi niliichungulia, nikairudisha.

Nawe unayejiandaa kujibu "thelathini" mahali fulani wiki hii, kwenye usaili, kwa mchumba, popote, jiulize kwanza swali la Bibi: unaweza kuuimba?

Tukutane wiki ijayo. Alamsiki.